Pointi 657 ndani ya kifukofuko

Mtoto wa kaka yangu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kauegemeza kwenye kochi, anacheza Pokémon: Let's Go, mchezo wa video wa kukamata wanyama wa kubuni kwa mpira na kuwapiganisha, huku akinisimulia habari za shule. Alikuwa ndani ya Viridian Forest, msitu wa mwanzo wa mchezo. Akamrushia mpira Weedle mmoja, kiwavi mwenye mwiba, mpira ukatikisika mara tatu ukatulia, na wanyama wake wote wakapata pointi za uzoefu kwa mkupuo mmoja. Halafu skrini ikabadilika. Ule muziki ukaanza. Yeye bado anaongea, uso umenielekea mimi, kidole kinabonyeza tu.

"Tazama, amebadilika," nikamwambia.

"Nani, shangazi?"

Alikuwa Butterfree. Mbawa nyeupe zenye mishipa myeusi, macho mekundu yale makubwa. Alikuwa kiwavi, akawa kifukofuko, sasa ni kipepeo, na katika safari yote hiyo hakuwahi kutolewa hata mara moja kwenye mpira wake ili apigane.

"Aa, huyo," akasema, akaendelea na habari za shule.

Hakukosea chochote. Mchezo wake umetengenezwa hivyo: ukishinda au ukikamata, kila uliyenaye kwenye timu anapata sehemu yake. Ni mpango mzuri, na kwa mtoto mwenye saa moja tu ya kucheza siku nzima ni mpango wa huruma. Lakini lile "nani?" lilinifuata nyumbani, likakaa na mimi wiki baada ya wiki. Nilikuwa naosha vyombo nalisikia.

Nani?

## Hesabu ya usiku mmoja

Usiku mmoja nikachukua karatasi. Caterpie, yule kiwavi anayeishia kuwa Butterfree, ni wa kundi ambalo hesabu yake ni nyepesi kuliko zote: jumla ya pointi zinazohitajika kufika leveli fulani ni namba ya leveli hiyo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Leveli ya 7, anapogeuka Metapod, yaani kifukofuko, ni 7 × 7 × 7, yaani 343. Leveli ya 10, Metapod anapopasuka na kutoka kipepeo, ni 1,000 kamili.

Elfu moja ukitoa 343 ni 657.

Niliitazama namba hiyo kwa muda. Miaka yote niliyocheza nilidhani kazi ya kumlea mdudu huyu ni kumvusha kwenye hali ya ukiwavi, kwa sababu kiwavi ndiye anayetia huruma. Kumbe karibu theluthi mbili ya gharama yote inalipwa akiwa hawezi hata kutikisika. Ukiwavi ni kipande kifupi cha njia. Kifukofuko ndiyo njia yenyewe.

Na kinachouma ni kwamba anapobadilika kuwa Metapod anapungua. Nguvu yake ya kushambulia inashuka kutoka 30 hadi 20. Kasi inatoka 45 hadi 30. Kinachopanda kwa maana ni ulinzi, 35 hadi 55. Karibu kila mnyama mwingine unayemlea, ukisikia muziki wa mabadiliko, unajua anarudi akiwa mkubwa na mkali zaidi. Huyu anarudi akiwa amefunga mlango.

## Nikarudi msituni

Nikatafuta Pokémon FireRed, ile ya mwaka 2004 ya Game Boy Advance, nikaanza upya. Nilimchagua Charmander, mnyama wa moto, kwa makusudi, kwa sababu moto haufui dafu mbele ya wanyama wa mawe wa Brock, mpinzani mkubwa wa kwanza kwenye mchezo, na nilitaka mchezo ambao ndani yake kiwavi atakuwa na kazi ya kufanya.

Nilimkamata Caterpie wa leveli ya 4. Nikampa jina la Tunu.

Leveli za mwanzo zilikwenda haraka. Tunu alijua Tackle, pigo la kujigonga, na String Shot, la kurusha uzi, na kwa hizo mbili alipigana vizuri tu na viwavi wenzake na Weedle. Jambo moja sikuwahi kulitilia maanani nilipokuwa mdogo: Caterpie ana uwezo unaoitwa Shield Dust, ambao unazuia madhara ya ziada ya mapigo. Mwiba wa Weedle, ambao unaweza kumwachia mwingine sumu, kwake unaishia kuwa pigo la kawaida. Katika msitu ambao nusu ya matatizo ni sumu, kiwavi dhaifu kuliko wote ndiye anayepita salama. Aliyemwandika alikuwa amemfikiria.

Kisha leveli ya 7, na mlango ukafungwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Pidgey, ndege mdogo, wa leveli ya 3 hutoa pointi 23. Metapod akimpiga peke yake anazichukua zote, lakini kwa nguvu ile ya 20, pambano moja linakuwa refu kama foleni. Kwa hiyo unafanya kile ambacho kila mtu aliyepita hapo alikifanya: unamtanguliza yeye, unamrudisha ndani kwenye zamu ya kwanza kabisa, unamtoa Charmander amalize kazi, na pointi zinagawanywa. Kumi na moja kwake, kumi na moja kwa mwenzake. Mapambano kama 60 ya namna hiyo, kama hukutani na wale watoto wakamata wadudu wanaokupa zaidi.

Mtangulize. Mrudishe. Mtoe mwingine.

Mtangulize. Mrudishe. Mtoe mwingine.

## Shaka yangu

Sitaki kudanganya kuhusu sehemu hii. Ilichosha. Jioni ya pili nilizima kifaa nikiwa nimepandisha leveli moja tu, na nikajiuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa tangu siku ile kwenye kochi: je, kuna kitu hapa kweli, au ninaukumbuka utoto wangu tu na kuuita hekima?

Kwa sababu ni rahisi sana kwa mtu mzima kumtazama mtoto anayefanya jambo kwa wepesi na kuona kuna kitu kimeibiwa. Sisi tulingoja kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Hatukuchagua subira. Na wengi wetu tulimtupa Metapod kwenye sanduku la kuhifadhia na kwenda zetu, tukakamata Pikachu. Nakumbuka vizuri kwamba mimi mwenyewe nilimtupa, mara ya kwanza. Sikumrudia.

Kwa hiyo siwezi kusema mchezo wa zamani ulitufundisha kungoja. Ulituruhusu tuchague, basi.

Lakini shaka hiyo haikuliondoa lile "nani?". Nilipoendelea kuligeuza niligundua kwamba muda haukuwa tatizo. Mtoto wa kaka yangu angeweza kukaa saa kumi na Metapod ndani ya timu na bado asijue ni nani. Kilichokosekana ni zile mara 60 za kumchagua. Kila unapomtanguliza unaliona jina lake, unamwona ametoka, unamwona akirudi ndani. Kuna siku alipata sumu, nikasahau dawa, na ghafla ile sumu ikatoka yenyewe. Metapod ana uwezo wa kujivua ngozi. Kila zamu ana nafasi moja kati ya tatu ya kuutupa ugonjwa wowote alionao. Nilikuwa nimekaa na kitu kisichosogea nikidhani hakifanyi chochote, kumbe ndani kilikuwa kinajitibu.

Nilifurahi kama mtu aliyeletewa habari njema ya mgonjwa.

## Anachokumbuka aliye ndani

Kuna jambo lingine, na hili ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Ukimkamata Metapod porini, akiwa tayari amejifunga, anajua kitu kimoja tu: Harden. Kujikaza. Hana pigo hata moja. Lakini Metapod uliyemlea wewe tangu akiwa kiwavi bado ana Tackle na String Shot. Hao wawili ukiwaweka pamoja wanafanana kila kitu, rangi, umbo, jicho lile la nusu usingizi. Tofauti yao ni kwamba mmoja alibeba alichojifunza akaingia nacho.

Nilidhani huo ni utaratibu wa programu tu, hadi nilipokumbuka utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008. Watafiti walichukua viwavi wa nondo aitwaye Manduca sexta, wakawafundisha kuiogopa harufu ya kemikali fulani kwa kuiambatanisha na mshtuko mdogo wa umeme. Kisha wakawaacha wajifunge na kubadilika. Ndani ya kifukofuko sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi huvunjwa na kujengwa upya: misuli, utumbo, miguu, hata ubongo hupangwa tena. Ungetegemea kila kitu kifutike.

Nondo walipotoka, wengi wao waliikwepa harufu ile.

Na kuna kipande ninachokipenda zaidi. Waliokumbuka ni wale waliofundishwa wakiwa viwavi wakubwa, karibu na kujifunga. Waliofundishwa wakiwa wadogo zaidi hawakubaki nayo. Kwa hiyo si kila kitu kinavuka. Kinachovuka ni kile ulichokuwa nacho karibu na mlango.

Usiku ule nilimtazama Tunu, kifukofuko cha kijani cha leveli ya 8, nikafungua orodha ya mapigo yake. Tackle. String Shot. Harden. Nikaona nimejibiwa swali la "nani" kwa namna ambayo sikuitarajia.

## Mtoto wa Machida

Satoshi Tajiri, aliyebuni Pokémon, alizaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, wakati kulikuwa bado na mashamba ya mpunga na madimbwi. Alikuwa mtoto wa wadudu. Alipenda kuwakamata na kuwachunguza kiasi kwamba wenzake walimpa jina la Daktari Mdudu. Kadiri alivyokua, madimbwi yalifukiwa, majengo yakaota, wadudu wakapungua. Baadaye alipouona waya wa kuunganisha Game Boy mbili, aliwaza wadudu wakitambaa juu yake kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Kutokana na wazo hilo zikatoka Red na Green, michezo ya kwanza ya Pokémon, Japani, tarehe 27 Februari 1996.

Katika orodha ya wanyama wote, namba 1 hadi 9 ni za wale watatu wa kuanzia na jamaa zao. Namba 10 ni Caterpie. Namba 11 ni Metapod. Namba 12 ni Butterfree. Yaani mara tu baada ya wale unaopewa mkononi, anakuja kiwavi.

Nadhani mtu aliyewahi kumfuga kiwavi ndani ya chupa anajua jambo ambalo mtu mwingine hawezi kulibuni akiwa mezani: kwamba kuna siku nyingi ambazo huoni kitu chochote. Unaamka, unaichukua chupa, unaitazama, unairudisha. Zile pointi 657 naziona kama siku hizo.

## Onix

Kuna mapambano mawili, na la kwanza nililipoteza.

Tunu alipasuka kwenye leveli ya 10, akapata Confusion, pigo la nguvu za akili, papo hapo, na nikaenda mjini Pewter kwa Brock na kiburi. Ulinzi wa Onix, mnyama wake mkali kuliko wote, dhidi ya mapigo ya mwili ni 160, ukuta kabisa, lakini dhidi ya mapigo ya aina ya Confusion ni 45 tu. Kwenye karatasi alikuwa ameshakwisha. Nikampandisha Tunu hadi leveli ya 12, nikaingia. Geodude, mnyama wake wa kwanza, alianguka vizuri. Onix wa leveli ya 14 akatangulia, akarusha Rock Tomb, pigo la mawe, na jiwe kwa mdudu mwenye mbawa linaumiza mara nne ya kawaida.

Pigo moja. Tunu chini.

Niliweka kifaa mezani. Hapo ndipo wazo la kumwacha liliponijia kwa mara ya pili katika maisha yangu. Njia ilikuwepo: Charmander akifika leveli ya 13 anapata Metal Claw, kucha za chuma, na hiyo inawatosha Geodude na Onix bila msaada wa mtu. Mtu mwenye busara angefanya hivyo, na nisingemlaumu.

Lakini nilikuwa nimeona kitu. Kasi ya msingi ya Butterfree ni 70. Ya Onix pia ni 70. Wanalingana kabisa, kwa hiyo anayetangulia kwa kawaida ni yule aliyemzidi mwenzake leveli. Tunu hakushindwa kwa kuwa mdudu. Alishindwa kwa kuwa nyuma leveli mbili. Na leveli ya 15 ndiyo inayompa Sleep Powder, unga wa usingizi.

Tukarudi msituni. Jumla ya pointi za leveli ya 15 ni 3,375, lakini safari hii alikuwa na mbawa na alipigana mwenyewe, na sikuwahi kumrudisha ndani. Zile jioni mbili zilikuwa tofauti kabisa na za mwanzo. Sikuhesabu.

Sleep Powder peke yake hupata mara 75 kati ya 100. Butterfree ana macho mchanganyiko, Compound Eyes, yanayoongeza usahihi wa mapigo yake kwa asilimia 30, kwa hiyo inakuwa 97.5. Hilo nalo ni mdudu halisi: kipepeo ana maelfu ya vijicho ndani ya kila jicho. Tunu akatangulia. Unga ukashuka. Nyoka yule wa mawe akalala, na Confusion ya kwanza ikaingia, na ya pili, na bado amelala, na ya tatu ikammaliza.

Nilisimama wima sebuleni, peke yangu, mikono juu.

Nilipomsimulia mtoto wa kaka yangu, aliniambia kwamba kwenye mchezo wake ukifika mlangoni kwa Brock unatakiwa kuonyesha mnyama wa nyasi au wa maji ndipo uruhusiwe kuingia. Butterfree hahesabiki. Alikuwa naye kwenye timu na hakumhitaji. Nilinyamaza kidogo. Nilielewa zaidi kwa nini aliniuliza "nani".

## Anapoanza kubaki nyuma

Vipepeo hawa hawadumu, na yeyote anayekwambia vinginevyo hajafika mbali. Ukijumlisha nguvu zote za msingi za Butterfree katika FireRed unapata 385. Za Charizard, umbo la mwisho la Charmander, ni 534. Kwenye jimu ya umeme, ukumbi wa mpinzani mwenye wanyama wa umeme, nilimficha. Kwenye mapango nilimficha. Watengenezaji wenyewe waliliona hilo: mwaka 2010 walimpa Quiver Dance, ngoma inayompandisha kasi, shambulizi maalumu na ulinzi maalumu kwa wakati mmoja, na mwaka 2013 wakaliongeza shambulizi lake maalumu kutoka 80 hadi 90. Lakini Tunu ni wa 2004. Yeye ana alichonacho.

Nilimweka hadi kwa Snorlax.

Unamjua Snorlax: amelala katikati ya njia, hakuna anayepita. Unapiga filimbi, anaamka, anakasirika, unapigana naye akiwa leveli ya 30. Nilitaka kumkamata. Charmeleon, yaani Charmander wangu aliyekwisha kubadilika, akampunguza, kisha nikamtoa Tunu. Mnyama aliyelala anakamatika kwa wepesi mara mbili, na katika timu yangu yote hakuna mwingine aliyeweza kumlaza mtu. Kwa hiyo baada ya kumwamsha kwa filimbi, kipepeo wangu akapaa juu ya tumbo lile kubwa na kumrudisha usingizini. Mpira wa tano ukatulia.

Sijaamua lini nitamweka kwenye sanduku. Kila ninapofika kwenye ile mashine naiona nafasi yake na najua nani angefaa kuichukua. Bado.

## Jumamosi

Mtoto wa kaka yangu alikuja Jumamosi asubuhi, akaiona FireRed mezani, akaomba kuanza yake. Nikampa. Sikumwambia chochote kuhusu viwavi. Alimchagua Squirtle, mnyama wa maji, ambaye hahitaji msaada wa mtu yeyote mbele ya Brock, nikajua basi, kiwavi hana nafasi. Lakini alimkamata mmoja, labda kwa sababu ya hadithi zangu. Saa za mchana nilimsikia ananung'unika kwa sauti ya chini, mtangulize, mrudishe, na nikaendelea na shughuli zangu jikoni.

"Shangazi, amebakiza kidogo sana."

Nilikuja nikakaa karibu yake. Leveli ya 9. Akamshinda Pidgey. Namba ikapanda hadi 10, skrini ikawa nyeusi, muziki ukaanza, kifukofuko kikaanza kuwaka na kupungua, kuwaka na kupungua.

Akabonyeza B.

Muziki ukakatika. Metapod akabaki Metapod.

"Umemzuia," nikasema. "Kwa nini?"

"Nataka mama amwone akitoka. Anakuja jioni."

"Sasa mpaka apande leveli nyingine. Pointi 331."

"Sawa," akasema, akamtanguliza tena.